Kila Mti na Kimo Chake

Vijana wenzangu mliokulia mjini, kupanda Mlima Rungwe si mchezo. Sisi wa Kiwira tunauona kila siku, lakini mimi niliujua pale mjomba aliponiambia, “Mjomba, twende ukawaone wenzetu wa baridi.”

Bondeni ni migomba, majani mapana yasiyoogopa mvua. Ukipanda, inabaki nyuma, unaingia msituni: miti mirefu, kuvumwani zinaning'inia matawini zikinywa ukungu. Kila mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6, na msitu nao unafupika. Vinakuja vichaka vya erika, majani madogo kama sindano ili upepo usiyakaushe. Kileleni, kwenye mita 2,960 hivi, ni nyasi zilizojikusanya mafungu mafungu, zikikingana baridi.

“Dunia ikizidi kupata joto je?” nikamwuliza.

“Ya chini itapanda juu.”

“Na ya kileleni?”

Mjomba akatazama mawingu, kimya.

Swali hilo limenikaa. Mmea hauna miguu. Huhama kwa mbegu, kizazi hadi kizazi, na mlima una mwisho wake. Tangu 2009 msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia, shoka limekatazwa. Lakini joto haliombi kibali.

Basi wewe unayeandika, usiseme “miti” tu ukapita. Jua jina lake na kimo chake. Kisicho na jina kikitoweka, nani atakililia?