Gari Liliharibika au Liliharibiwa? Tafakuri ya Madai ya Fidia Nyamasaria

Wanafunzi wa sarufi hufundishwa mapema tofauti iliyopo baina ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Tusemapo kwamba gari "liliharibiwa", tunamwachia mtenda nafasi yake hata kama hatumtaji, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: liliharibiwa na nani? Tusemapo kwamba gari "liliharibika", nafasi hiyo imezibwa. Gari limeharibika jinsi maziwa yanavyoganda; limefikia hali hiyo, basi. Darasani tofauti hii ni suala la viambishi viwili tu. Mwaka 2023 niliikuta Nyamasaria ikiwa na thamani ya shilingi 62,300. Ninawasimulia wasomaji wa jarida letu kadhia hiyo si kwa nia ya kumshtaki mtu yeyote, bali kwa kuwa naamini wanafunzi wa Kiswahili tuna mchango wetu katika mambo ambayo aghalabu tunawaachia mawakili.

Nyamasaria ni lango la mashariki la Kisumu. Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Kericho na Ahero hupita hapo kabla ya kuingia mjini, na hapo ndipo inapoanzia barabara ya kukwepa katikati ya mji, ielekeayo Mamboleo na Kisian. Ardhi yake ni sehemu ya tambarare za Kano. Udongo ni mweusi, mzito, unaovimba na kuteleza unapolowa na kupasuka nyufa unapokauka. Masika yakija mito hufurika, na maji huingia majumbani. Kwa sababu hiyo kazi za barabara hazikosi: lami huinuka na kubomoka, mitaro huchimbwa, hufukiwa, kisha huchimbwa tena. Wakazi hawalalamikii ujenzi wenyewe, kwani wao ndio wanaouhitaji zaidi. Wanalalamikia namna mashimo yanavyoachwa usiku.

Kaka yangu mkubwa ana pikapu ambayo huchukua mchele kutoka Ahero hadi soko la Kibuye. Gari hilo ndilo linalowalipia wanawe karo. Usiku mmoja wa Aprili 2023, mvua ikinyesha, aliingia katika barabara ya mtaani ambako mtaro ulikuwa umechimbwa mchana huo kukata njia toka upande hadi upande. Maji yalikuwa yameujaza hata ukafanana na dimbwi la kawaida. Hapakuwa na kibao, utepe wala taa. Gurudumu la mbele lilizama, rimu ikapinda, springi ikakatika, na chombo cha oili chini ya injini kikatoboka. Magunia mawili ya mchele yalilowa. Gari lilikaa gereji siku kumi na mbili. Matengenezo yalimgharimu shilingi 27,800, kulikokota gari 3,500, mchele 13,000, na mapato ya siku hizo, kwa makadirio ya shilingi 1,500 kwa siku, yalikuwa 18,000. Bima yake ilikuwa ile ya lazima tu, inayowalinda watu wengine dhidi ya gari, wala si kulilinda gari lenyewe. Hivyo ndivyo walivyo wenye magari ya biashara wengi wa kiwango chake.

Barua ya kwanza aliiandika mwenyewe, kwa Kiswahili safi cha mtu aliyefunzwa shuleni kuandika barua rasmi. Kiini chake kilikuwa sentensi moja: gari langu liliingia mtaroni likaharibika, hivyo naomba mnisaidie. Nilipoisoma baadaye niliona kwamba adabu ya barua ile ilikuwa imemaliza kesi kabla haijaanza. Mtenda katika kishazi cha kwanza ni gari, ndilo lililoingia. Katika kishazi cha pili hakuna mtenda. Na katika cha tatu mwandishi si mdai tena, bali ni mwombaji. Kila neno lilikuwa sahihi kisarufi, na kila neno lilimtoa mchimba mtaro katika habari yenyewe.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: barua hiyo ipelekwe kwa nani? Sheria ya Barabara za Kenya ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu, moja ya barabara kuu, moja ya barabara za mijini na moja ya barabara za mashambani. Kisha Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ikazikabidhi kaunti barabara za kaunti na kuiachia serikali ya kitaifa barabara kuu za nchi. Kwenye karatasi mgawanyo huu unaeleweka. Kwa mtu aliyesimama matopeni, barabara haina jina la mwenyewe. Ofisi ya kwanza ilisema barabara si yake. Ofisi ya pili ilisema kazi ni ya mkandarasi. Mkandarasi akasema yeye hufuata michoro ya mhandisi. Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Hapa fahali hawakupigana hata kidogo. Walipishana kwa heshima, na nyasi zikaumia vilevile.

Jibu la maandishi lilipokuja lilikuja kwa Kiingereza, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kaka yangu husoma Kiingereza vizuri. Tatizo halikuwa hilo. Tatizo ni kwamba barua ile ilisikitika kuwa uharibifu "ulitokea" na ikakumbusha kwamba madereva hutakiwa kuwa waangalifu. Kiingereza hakina kiambishi chetu cha kutendeka, lakini kina njia zake za kumficha mtenda. Aliyetajwa kwa cheo chake katika barua nzima alikuwa mmoja tu: dereva.

Tuliketi sote wawili tukaandika upya. Tulianza na mchimbaji: siku fulani mkandarasi wenu alichimba mtaro, akauacha wazi usiku bila ishara, na mtaro huo ukaliharibu gari. Tulieleza upana na kina chake, ambavyo kaka alikuwa amevipima kwa mpini wa jembe na kuvipiga picha asubuhi iliyofuata. Tuliambatisha stakabadhi za gereji, hati ya polisi, na maelezo ya waendesha bodaboda wawili waliosaidia kulivuta gari. Neno "naomba" tulilibadilisha kuwa "nadai", na "msaada" tukaandika "fidia". Tulitaja Kifungu cha 35, kinachompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, ili tuambiwe mkandarasi ana bima gani. Na Kifungu cha 47, kinachompa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Hatukusahau kalenda. Sheria ile ya 2007 yataka anayekusudia kuishtaki mojawapo ya mamlaka zake atoe ilani ya maandishi angalau mwezi mmoja kabla, na kesi ifunguliwe ndani ya miezi kumi na miwili. Wengi hupoteza haki yao katika kuzungushwa baina ya ofisi, si kwa kushindwa mahakamani.

Miezi mitano baadaye kaka aliitwa. Alikuwa ametayarishiwa shilingi 31,300, yaani matengenezo na gharama ya kulikokota gari. Mchele na siku zilizopotea havikuhesabiwa. Karatasi ya kutia sahihi iliziita fedha hizo msaada wa hisani. Alikataa kutia sahihi. Alipokumbushwa kwamba barua yake ya kwanza iliomba msaada, alijibu, "Niliomba msaada kwa sababu sikujua jina la kitu nilichokuwa nakidai." Kwetu, ng'ombe wa mtu akila mahindi ya jirani, mwenye ng'ombe haambiwi asaidie. Huambiwa alipe, na Kijaluo kina neno lake la tendo hilo, chulo, ambalo halina harufu ya sadaka. Mwishowe karatasi ilibadilishwa ikasema "malipo". Halikuwa neno letu wala lao. Kaka alitia sahihi kwa kuwa muhula wa shule ulikuwa umeanza.

Kuna watakaosema kwamba sarufi haijengi rimu, na kwamba kilichomtisha mkandarasi ni mahakama, si vitenzi. Nakubali kwamba stakabadhi zina uzito kuliko viambishi. Lakini stakabadhi hizo zilikuwapo tangu barua ya kwanza, na hakuna aliyeuliza habari zake, kwa sababu barua ile haikuwa imemwonyesha mtu yeyote wa kuulizwa. Ushahidi hufuata shtaka, na shtaka ni sentensi yenye mtenda, kitenzi na mtendwa.

Sisi tunaosoma fasihi tunamkumbuka Karama wa Shaaban Robert katika Kusadikika, anayeshtakiwa kwa kutaka watu wa nchi yake wafundishwe elimu ya sheria. Tumeijadili riwaya hiyo mara nyingi tukitafuta ishara na taashira. Huko Nyamasaria naiona kwa maana yake ya wazi kabisa: mtu asiyeijua lugha ya sheria huomba kile anachostahili kudai. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mwananchi anaweza kujisimamia mwenyewe humo bila wakili. Lugha ya mahakama za chini nchini ni Kiingereza au Kiswahili. Mlango u wazi. Wachache ndio wenye maneno ya kuingia nayo.

Kwa hivyo nina pendekezo kwa chama chetu. Kila mwaka tunaandaa kongamano, na kila mwaka tunalalama kwamba Kiswahili rasmi hakitumiki maofisini. Tutayarishe kijitabu cha barua za mfano kwa Kiswahili: ya kudai fidia, ya kuomba habari, ya kutaka sababu za uamuzi, na ya ilani kabla ya kesi. Wenzetu wa kitivo cha sheria wakikague. Kisha tukipeleke katika vituo vya bodaboda, sokoni Kibuye na kwenye gereji za Nyamasaria, ambako wenye magari hungoja siku nzima na wana nafasi ya kusoma. Masika yatarudi Kano na mitaro itachimbwa tena. Niko tayari kuandika barua ya kwanza ya kijitabu hicho, na ninawaomba wenzangu wawili au watatu wajitolee kuandika zilizobaki kabla ya muhula huu kwisha.