Waraka kwa Mpwa Wangu Kuhusu Darubini

Geita

Mpwa wangu mpenzi,

Waraka wako umewasili, nami nimefurahi kuona kwamba kabla ya kutoa fedha zako za mgodini kununua darubini ya kuwindia umeona vema kuuliza, kwani wenzako wengi huchukua darubini ndogo yoyote yenye namba kubwa, wakidhani kwamba ukubwa wa namba ndio ubora wa chombo.

Namba hizo ni mbili. Ile ya 10x25 unayoitamani humkaribisha mnyama mara 10, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 25. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata milimita 2.5, ndio upana wa mwali wa nuru unaoingia jichoni. Mchana wa jua kali mwali huo watosha, maana mboni yenyewe huwa imejifinya. Lakini alfajiri na magharibi, nyakati ambazo kongoni na palahala aghalabu hutoka kujilisha, mboni ya kijana kama wewe huweza kufunguka hata milimita 6 au 7, na darubini ile itakupa kiza pale ulipotaka sura. Tena kila tetemeko la mkono hukuzwa mara 10, hata mtu aliyepanda kilima akitweta haoni ila majani yanayocheza. Kwa hiyo rai yangu ni 8x32, ambayo haiingii mfukoni, lakini huning'inia kifuani bila kuiumiza shingo, na mwali wake ni milimita 4. Fedha zikipungua, chukua 8x25, wala usirudi kwenye 10. Iwe imezibwa isipitishe maji wala vumbi.

Sasa nisikilize kwa utulivu, maana hili ndilo linalonikosesha usingizi. Miombo ya kwetu, kuelekea Ushirombo na kwingineko, si ya wanyama peke yao: wamo warina asali, wamo wachungaji, wamo na wachimbaji wadogo wanaofuata mwamba wa dhahabu. Hasha usije ukaitumia darubini iliyo juu ya bunduki kuchunguzia kitu usichokijua, kwa kuwa wakati huo mtutu umekwisha kuelekezwa, na huenda anayetikisa kichaka ni mtoto wa mtu. Ya kifuani ndiyo ya kutafutia; ya bunduki haina kazi kabla ya yakini.

Na yakini yenyewe haiji upesi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inamlinda jike mwenye mimba na aliye na mtoto, na pembe hazitakusaidia kumtambua, maadamu kongoni na palahala huota pembe dume na jike. Palahala dume aliyekomaa ni mweusi, jike ni wa kahawia. Lakini dume kijana naye ni wa kahawia, basi tazama tumbo, tazama na nyasi zilizo kando yake, ambamo ndama hufichwa. Keti, tegemeza viwiko magotini, ukae hivyo hadi shaka iishe. Nguo za buluu na nyeusi ziache nyumbani, kwani mbung'o huzipenda, na mtu anayejipiga makofi hawezi kutuliza darubini.

Tafadhali kumbuka pia kwamba mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, na humo hakuna kuwinda. Ukitaka kuzoeza macho, nenda Rubondo ukawatazame nzohe kwenye matete, bila bunduki. Mimi ningeanza huko.

Ukifika dukani Mwanza, toka nje ya mlango na darubini, utafute kibao kilicho mbali, kivulini. Fumba jicho la kulia, sawazisha la kushoto kwa gurudumu la kati. Kisha fumba la kushoto, usawazishe la kulia kwa pete yake. Tazama kwa macho yote mawili muda wa kutosha: picha zisipoungana kuwa moja, au kichwa kikianza kuuma, mrudishie mwenye duka, hata akikupunguzia bei nusu.

Nisalimie dada yangu, mama yako, na uniandikie umechagua ipi.

Wasalaam,
Mjomba wako