Bei ya Gari Lenye Kasi

Kununua ni kazi ya tamaa, lakini kuuza ni kazi ya hesabu. Mtu anunuapo kitu akipendacho huongozwa na macho na moyo, na akili hufuata nyuma kama mtoto aliyeshikwa mkono. Auzapo kitu hicho hicho hana budi kuiweka akili mbele na moyo nyuma, na hapo ndipo taabu huanza, maana moyo haupendi kutembea nyuma. Nimepata kuuza kuku, mahindi, baiskeli na hata kiwanja, lakini hapana kilichonifundisha jambo hili kama gari moja lenye kasi nililoliuza mwaka wa 2023.

Gari lenyewe lilikuwa Subaru Impreza ya aina ya WRX, lililotengenezwa Japani mwaka wa 2005. Vijana wengi wa Kenya hulijua kwa mlio kabla ya kuliona. Injini yake ina silinda nne zilizolala, mbili upande huu na mbili upande ule, na ukubwa wake ni lita mbili tu. Lakini ina chombo kiitwacho turbo. Moshi utokao katika injini huzungusha gurudumu dogo, na mzunguko huo husukuma hewa ndani ya silinda, nyingi kuliko ile ambayo zingeweza kuvuta zenyewe. Hewa ikizidi, petroli huweza kuzidi. Petroli ikizidi, nguvu huzidi. Kiwandani gari hili lilipewa nguvu za farasi 250, nazo hugawiwa magurudumu yote manne. Mashindano nayo yaliliongezea sifa. Katika Safari Rally, iliyoanza mwaka wa 1953, Colin McRae alipata ushindi mwaka wa 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns akapata wake mwaka wa 2000 kwa gari la jina hilo hilo. Wazee waliosimama kando ya barabara siku zile wangali wakisimulia vumbi lake.

Nililinunua mwaka wa 2012, lilipoteremshwa Mombasa, kwa shilingi 1,350,000. Miaka kumi na mmoja baadaye, mdogo wangu wa kike alipata nafasi katika chuo cha uuguzi. Baba yetu alikuwa amekwisha kustaafu. Karo ya miaka mitatu, pamoja na malazi, vitabu na sare, tuliikadiria kuwa shilingi milioni moja. Katika nyumba yetu hapakuwa na kitu kingine cha thamani ya namna hiyo kilichoweza kuuzwa bila ya kuwanyima watu chakula. Basi nikaamua kuliuza gari.

Uamuzi wa kuuza ulichukua usiku mmoja. Uamuzi wa bei ulichukua majuma matano.

Moyo wangu ulikuwa na hesabu yake. Uliniambia, "Ulinunua kwa shilingi 1,350,000. Ukaongeza bomba pana la moshi, springi fupi na magurudumu mazuri, jumla shilingi 400,000. Basi umetumia shilingi 1,750,000. Ukiomba milioni moja na nusu utakuwa umemhurumia mnunuzi." Hesabu hiyo ni sawa kwa kujumlisha, lakini si sawa kwa kuuza. Mnunuzi hanunui matumizi yaliyopita ya muuzaji. Fedha zile nilikuwa nimekwisha kuzila kwa furaha, asubuhi nyingi za baridi nilipoteremka kuelekea Naivasha jua likichomoza juu ya Bonde la Ufa. Mtu aliyekula embe hawezi kuuza kokwa kwa bei ya embe.

Tena, mapambo ya gari la kasi aghalabu hayaongezi bei. Bomba pana la moshi kwangu lilikuwa muziki. Kwa mnunuzi mwenye busara lilikuwa swali: Gari hili lilikimbizwa kiasi gani? Kwa bahati nilikuwa nimezihifadhi sehemu zote za asili. Nikamwita fundi, akarudisha bomba la kiwandani na springi za kiwandani, nami nikaliuza kila pambo peke yake kwa vijana walioyataka. Baada ya kumlipa fundi, nilibaki na shilingi 60,000, na gari likawa na wanunuzi wengi zaidi, kwa kuwa sasa hata mtu mtaratibu aliweza kulitazama bila ya hofu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kulijua soko. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka minane tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba gari la mwaka wa 2005 haliwezi kuongezeka tena; yaliyopo ndiyo yaliyopo, na kila mwaka baadhi yao huharibika. Jambo hilo hushikilia bei isianguke haraka. Lakini nalo halimpi muuzaji ruhusa ya kutaja bei apendayo. Niliandika katika daftari magari saba yaliyofanana na langu, yaliyokuwa yakitangazwa kwa bei kati ya shilingi 850,000 na 1,250,000. Kisha sikufanya haraka. Kila juma nilitazama lipi limekwenda na lipi limebaki. Baada ya mwezi niliona kwamba yale yaliyotajwa kwa zaidi ya milioni moja yalikuwa yangali yakingoja, na yaliyotajwa kwa chini ya hapo yalikuwa yamekwenda. Msomaji na akumbuke tofauti hii: bei iombwayo ni matumaini ya mtu mmoja, lakini bei ilipwayo ni mapatano ya watu wawili. Kutokana na daftari hilo nikakadiria kwamba gari zima kama langu lingestahili shilingi 980,000.

Lakini gari langu halikuwa zima kabisa. Klachi yake ilikuwa inakaribia kuisha, na klachi mpya pamoja na kazi ya fundi ingegharimu shilingi 70,000. Nikazitoa; zikabaki 910,000. Mlango wa kulia ulikuwa umegongwa mwaka wa 2016, ukanyoshwa na kupakwa rangi upya. Mashine ya kuhesabu mwendo ilionyesha kilomita 182,000. Mambo hayo yote niliyaandika kwenye karatasi moja kwa mkono wangu, bila ya kupunguza wala kupamba. Chini yake, katika karatasi ya pili ambayo sikumwonyesha mtu, niliandika bei mbili: ya kuomba, shilingi 950,000, na ya mwisho, shilingi 880,000. Niliandika bei ya mwisho kabla mnunuzi wa kwanza hajabisha hodi, kwa sababu mtu mwenye shida asipoiweka nguzo yake mapema, wengine humsogezea. Hata wathamini wa magari hutofautisha bei ya soko na bei ya kuuza kwa lazima, na hii ya pili huwa chini sana. Mimi nilikuwa na lazima, lakini sikutaka uso wangu uitangaze.

Wa kwanza kuja alikuwa mfanyabiashara wa magari. Alilizunguka mara moja, akaweka shilingi 700,000 mezani, akasema zinaweza kuwa zangu kabla ya jua kutua. Nilimshukuru nikamsindikiza. Wa pili alikuwa kijana aliyefuatana na rafiki zake watatu. Alitaka kulijaribu gari kwa kasi ya kilomita 180 kwa saa katika barabara ambayo mwisho wa sheria ni 110. Nilipomwambia kwamba ataendesha kwa kipimo cha sheria au hataendesha, alicheka akaenda zake. Wa tatu aliupenda mwendo wa gari, lakini aliposoma habari za mlango akabadili nia. Wahenga husema kizuri chajiuza. Nadhani hawakuwa wakifikiria gari lenye turbo, ambalo uzuri wake umefichwa ndani ya chuma na makosa yake yamefichwa papo hapo.

Juma la nne alikuja dalali. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye salamu nyingi. Aliisoma karatasi yangu, akaikunja, akaniambia kwa sauti ya upole, "Kaka, karatasi hii ndiyo inayokufukarisha. Nipe gari kwa siku moja. Namba hii ya 182,000 itasoma 110,000. Habari za mlango hazina haja ya kutajwa. Nitakuuzia kwa milioni moja na zaidi, nawe utanipa changu kidogo."

Sitasema kwamba maneno hayo hayakunigusa. Milioni moja ndiyo hasa iliyokuwa karo ya mdogo wangu. Usiku ule nilikaa na daftari langu, nikajaribu kuufuata uongo huo mpaka mwisho wake, kama mtu afuataye njia asiyoijua ili aone inatokea wapi.

Ndani ya injini ya gari lile mna mkanda unaounganisha mwendo wa pistoni na mwendo wa vali. Mkanda huo hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, vali na pistoni hugongana na injini huharibika mara moja. Mkanda wa gari langu ulibadilishwa lilipofika kilomita 98,000. Kwa hiyo ulibakiwa na kilomita 16,000 au zaidi kidogo kabla ya kubadilishwa tena. Lakini mtu aonaye namba 110,000, akiambiwa kwamba mkanda ulibadilishwa kwenye 98,000, atadhani kwamba mkanda ni mpya. Angeendesha kwa amani, akiwa na watoto wake viti vya nyuma, mpaka siku ambayo ungekatika nyuma ya lori kwenye mteremko. Injini ikizimika ghafula, nguvu inayosaidia breki huisha baada ya kukanyaga mara chache, na usukani huwa mzito mikononi.

Hapo nilielewa kwamba namba ile haikuwa bei tu. Ilikuwa ushahidi. Muuzaji atajapo bei na kueleza habari za gari lake, anamshuhudia mtu mwingine kuhusu mambo ambayo huyo hawezi kuyaona, na ambayo huenda siku moja uhai wake ukayategemea. Aibaye mahindi amemnyima mtu chakula cha siku; abadilishaye namba ya gari lenye kasi haachi kuiba siku ile aliyolipwa, bali huendelea kila siku gari linapokwenda. Tena mdogo wangu alikuwa akienda kusomea kazi ya kuwauguza watu. Sikuona jinsi ya kuilipia kazi hiyo kwa fedha ya namna ile. Asubuhi nilimpigia dalali simu, nikamwambia gari halitoki nyumbani.

Siku sita baadaye alikuja mwalimu wa fizikia kutoka Nakuru, mama wa makamo, pamoja na fundi wake. Nilikuwa nimewaomba wanunuzi wote wafike alfajiri, kabla sijawasha injini, kwa sababu injini baridi haifichi moshi wala mgongano wake, lakini iliyopashwa moto huweza kudanganya. Fundi aliweka kiganja juu yake kwanza kuhakikisha kwamba ni baridi kweli. Kisha akapima mgandamizo wa kila silinda, na zote nne zikakaribiana. Mwalimu aliisoma karatasi polepole kama asahihishaye mtihani.

"Kaka, makosa haya umeyaandika wewe mwenyewe?" akaniuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi umenisaidia. Nitaanza kupunguza bei kutoka hapa hapa." Akataja shilingi 840,000.

"Mwalimu, klachi nimekwisha kuitoa katika bei. Ukiitoa nawe, nitakuwa nimelipa deni moja mara mbili."

Fundi wake alicheka. Mwalimu hakucheka, bali alipiga hesabu tena. Tulivutana kwa muda wa chai mbili, kwa heshima, kila mmoja akisogea hatua fupi, mpaka tukakutana kwenye shilingi 895,000. Fedha zilipitia benki, si mikononi. Tuliandika mapatano, tukaambatisha karatasi ya makosa, tukatia sahihi mbele ya mashahidi. Kisha nikaanzisha uhamisho wa umiliki kwa mtandao siku iyo hiyo, naye akaukubali. Jambo hili vijana na walizingatie: kwa sheria ya Kenya, mtu ambaye jina lake limo katika daftari la usajili huhesabiwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Akabidhiye ufunguo bila ya kuhamisha jina ameuza gari lakini amebaki na lawama zake.

Jumla yangu ikawa shilingi 955,000. Zilipungua 45,000 katika karo ya mdogo wangu, nami ningali nikiziweka akiba kidogo kidogo kutoka katika mshahara kwa ajili ya mwaka wake wa mwisho. Upungufu huo ni wa kweli, wala sitaki msomaji adhani kwamba ukweli hulipa kila deni siku ile ile. Mara nyingine hugharimu, na gharama yake hulipwa na mtu maskini kwa taabu kama gharama nyingine zote.

Hata hivyo, mwalimu yule alikwisha kunipigia simu mara mbili: mara moja kuuliza aina ya mafuta ya injini, na mara ya pili kuniarifu kwamba amefikisha kilomita 196,000 na amekwisha kuubadilisha mkanda.