Usiizibe Mdomo Mashine Inayokuonya



Ndugu zangu, darsa letu la leo linahusu jakuzi. Najua wapo watakaocheka. Lakini vijana wetu wengi wa Unguja riziki yao iko mahotelini, Nungwi, Kendwa, Paje, mpaka ndani ya Mji Mkongwe, na maswali mazito ya halali na haramu huwakuta kazini.

Kijana mmoja wa darsani kwetu alinitumia picha ya kioo cha kuendeshea jakuzi. Kimeandika FL, maji yamepoa, na wageni wanafika jioni. Msimamizi wake kamwambia aunganishe waya kwenye swichi inayopima mtiririko wa maji, ili mashine idhani kila kitu ki sawa. Akaniuliza: "Ustadhi, nikikataa naweza kufukuzwa. Nikifanya, nina dhambi?"

Sikumjibu palepale. Jambo la umeme huulizwa fundi wa umeme. Nikampigia mzee mmoja wa Ng'ambo aliyezeeka katika kazi hiyo, naye akanifunza haya.

Alama hutofautiana kwa kila kampuni, kwa hiyo kitabu cha mashine kisitupwe. Ila nyingi zinafanana. FL au FLO: maji hayapiti ya kutosha kwenye hita. DR: huenda hita ni kavu. OH: joto limepita kiasi, asiingie mtu. SN: kifaa cha kupima joto kina hitilafu. Joto la juu linalokubalika kwa kawaida ni nyuzi 40 za Selsiasi.

FL mara nyingi si ugonjwa mkubwa. Kichujio kimeziba kwa mchanga na mafuta ya kujipaka ya wageni. Zima umeme, toa kichujio, washa kwa muda mfupi. Alama ikiondoka, mwenye kosa ni kichujio, kioshe. Isipoondoka, tazama kina cha maji, valvu, au hewa iliyonasa kwenye pampu. Ikishinda, mwite fundi.

Na ukiunganisha ule waya? Hita itawaka bila maji kupita. Itaungua, na umeme upo jirani na maji walimokaa watu.

Hapo nikapata jibu la kumpa. Mwanangu, ile swichi ni shahidi. Ukiiunganisha waya umemlazimisha shahidi aseme uongo, na anayedanganywa ni mgeni aliyevua nguo zake akaingia majini kwa kukuamini. Hiyo ni amana.

Tazameni mabafu ya Hamamni, yaliyojengwa zama za Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Hayakuwa na kioo wala alama. Kulinda joto la maji ilikuwa kazi ya macho na mkono wa mtu. Leo kazi hiyo tumekiachia kifaa kidogo. Ukikiziba mdomo, hakuna aliyebaki kuangalia.

Kijana alikataa kwa adabu, akaosha kichujio, na alama ikaondoka. Wageni walisubiri mpaka baada ya magharibi. Hakufukuzwa, lakini tangu siku ile hupangiwa zamu mbaya, na sikukuu ya Idi alikuwa kazini. Siwaambii kuwa ukweli hauna gharama. Nawaambia kuwa gharama yake yeye anailala usingizi.

Enyi wasimamizi, mkiambiwa "mashine imekataa", msimwone kijana mkaidi. Muulizeni: imekataa kwa sababu gani? Nanyi vijana, msibonyeze tu kuzima na kuwasha mpaka alama ichoke. Isomeni, mtafute chanzo.

Mwenye ndugu anayefanya kazi hotelini amfikishie darsa hili.

Allah atujaalie riziki ya halali na mikono yenye amana. Aamin.

Wabillahi tawfiq.