Mfunge Ngamia Wako



Mwaka jana nilikwenda kutazama Noah ya familia. Nikakagua rangi, injini, hata redio. Mama watoto akapanda nyuma, akavuta mkanda mmoja mmoja. Miwili haikufunga.

"Hapa atakaa mtoto gani?" akaniuliza.

Nikakosa jibu. Na mimi ndiye ninayewaambia watu mimbarini kwamba Mtume ﷺ alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Allah!

Gari lile tuliliacha. Tukapata jingine, kuukuu zaidi, lakini mikanda yote inafunga.

Ndugu yangu, dua ya safari isome, na mtoto mfunge mkanda. Mtoto ni amana, utaulizwa.

Allah atuhifadhie watoto wetu. Aamin.