Goti la Supu Mpaka Maji ya Chai

Nimezaliwa Sombetini, Arusha, nimesoma Sombetini, na hadi natimiza miaka thelathini sikuwa nimewahi kufika Maji ya Chai. Dada yangu aliyeolewa huko alipojifungua, mama akanituma nimpelekee goti la ng'ombe la supu.

Wa buchani alilipasua mbele yangu. Pale mifupa miwili inapokutana palikuwa peupe, panang'aa kama ndani ya bakuli la kauri. Nikapitisha kidole, kikateleza kwenye ute. Weupe ule ni gegedu, na ute ule ndio mafuta ya kiungo, mifupa isisagane. Goti hukunjwa na kukunjuliwa kama bawaba ya mlango. Bega na nyonga huzunguka, kwa kuwa kichwa cha mfupa kimekaa ndani ya kikombe. Kano hushika mfupa kwa mfupa, na lazima zinyumbuke. Goti likawekwa kwenye mfuko, nikapanda daladala hadi mjini, nikaunganisha gari ya njia ya Moshi.

Kijenge, Tengeru, Usa River, mlima Meru upande wa kushoto muda wote. Niliposhuka, nikaenda kwanza kuuangalia mto. Kweli, maji yana rangi ya chai ya mkandaa. Lakini kinachowaumiza watu huku hakina rangi wala harufu. Ni floraidi, itokayo kwenye miamba na majivu ya volkano ya Meru. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mto huu umewahi kupimwa ukakutwa na zaidi ya 10.

Babu wa shemeji alikuwa ameketi chini ya mgomba.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Karibu.”

Ili anitazame, aligeuza kiwiliwili kizima. Shingo haikugeuka. Nilisimama pale na mfuko wangu wa goti, na moyo ukaniuma. Tumezoea kuuona mfupa kama kijiti kikavu, kumbe uko hai: kwa mtu mzima, kama sehemu ya kumi ya mifupa yake hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka, kwa madini yapitayo kwenye damu. Floraidi ikiwa nyingi huingia katika ujenzi huo. Mfupa huwa mzito lakini dhaifu, na kano zile za kunyumbuka huanza kugeuka mfupa. Mlango unabaki, bawaba imeganda. Kwa watoto huonekana mapema zaidi: meno ya kahawia, na wengine miguu ya matege.

Jikoni dada alinionyesha ndoo ya kuchujia maji. Ndani yake mna chenga nyeusi. Ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe! Hapo jirani, Ngurdoto, kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, na mifupa huchomwa kwenye tanuri la joto linalodhibitiwa. Mfupa unavyoivuta floraidi mwilini, ndivyo unavyoivuta ndani ya ndoo. Sijaona dawa iliyonigusa kama hiyo. Kuchemsha maji hakusaidii. Yakipungua sufuriani, floraidi inabaki yote.

Kisha nikapewa mtoto. Nilimshika kwa hofu, laini vile. Mtoto mchanga huzaliwa na vipande vya mifupa karibu 300, vingi bado gegedu, na vikiungana atabaki na mifupa 206. Vyote hivyo vitajengwa kwa atakachokunywa. Kwa sasa yuko salama, maana maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji mabaya.

Ndugu zangu mnaoishi chini ya Meru, mtoto anyonye maziwa tu hadi miezi sita. Uji wake wa kwanza upikwe kwa maji ya mvua au yaliyochujwa, na magadi, kwa kuwa nayo huwa na floraidi, yasiingie kwenye chungu chake.