Mlango wa Kugonga Usiku

Watu waliooana wakiwa wa rangi moja wanapotafuta nyumba huuliza maswali ya kawaida: kodi shilingi ngapi, shule iko mbali, jirani ana kelele? Sisi tunauliza hayo yote, halafu tunaongeza moja lisilojibiwa kwenye tangazo lolote la nyumba: hapa tutatazamwa vipi?

Mimi ni mwanamke wa Tanga. Mume wangu ni Mzungu wa Pennsylvania, mtoto wa fundi bomba, mtu wa maneno machache. Tuna binti wa miaka minne. Tulikuwa tumepanga Baltimore kwa miaka sita, na mkataba wa pango ulipokaribia kwisha tukawa na njia tatu mezani. Ya kwanza, mji mdogo alikozaliwa mume wangu, ambako wazazi wake walikuwa tayari kutupa nyumba ya marehemu bibi yake tukae bure. Ya pili, kurudi Dar es Salaam, waliko ndugu zangu. Ya tatu, Columbia, mji ulio kati ya Baltimore na Washington, ambako kodi inauma.

Nilipompigia mama simu kumweleza, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Nyumba ya bure unaikataa? Mwanangu, nani kakuroga?"

Ni swali la haki kabisa, na nitajaribu kulijibu hapa.

Nianze na sheria, maana watu wengi nyumbani hudhani Marekani mambo haya yaliisha zamani. Jimbo hili la Maryland lilitunga sheria mwaka 1664 kwamba mwanamke Mwingereza akiolewa na mtumwa, atamtumikia bwana wa mumewe muda wote mumewe akiwa hai, na watoto wao watakuwa watumwa. Marufuku ya ndoa kati ya weupe na weusi yakaendelea hapa, kwa sura moja au nyingine, hadi yalipofutwa mwaka 1967. Mwaka huo huo, tarehe 12 Juni, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Richard na Mildred Loving, mume mweupe na mke mwenye asili ya weusi na Wahindi Wekundu. Wawili hao walikuwa wamefunga ndoa Washington mwaka 1958, wakarudi kwao Virginia, polisi wakawakamata usiku wakiwa kitandani. Hakimu aliwapa kifungo cha mwaka mmoja, akakiahirisha kwa sharti kwamba wahame jimbo kwa miaka 25. Hukumu ya 1967 ilifuta marufuku hayo katika majimbo 16 yaliyokuwa bado nayo.

Sasa sheria ni jambo moja na moyo wa jirani ni jambo jingine. Alabama iliacha marufuku hayo ndani ya katiba yake hadi mwaka 2000, na wananchi walipoulizwa kwa kura kama yaondolewe, takriban asilimia 40 walisema yabaki. Mwaka 2000! Mimi nilikuwa shule ya msingi, nakariri jedwali la kuzidisha. Kwa upande wa pili, taasisi ya Gallup ilipowauliza Wamarekani mwaka 1958 kama wanakubali ndoa kati ya weusi na weupe, asilimia 4 tu walikubali. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 94. Ukisoma takwimu hizo unaweza kusema basi, hamia popote. Tatizo ni kwamba hukai kwenye takwimu. Unakaa kwenye mtaa mmoja, na asilimia sita ikiwa yote iko mtaani kwako, shauri lako.

Dalali hawezi kukusaidia. Nilimuuliza mmoja, mama mchangamfu kweli, "Mtaa huu wanaishi watu gani?" Akatabasamu kama mtu aliyezoea kuulizwa, akasema sheria haimruhusu kujibu. Ni kweli. Kwa miongo mingi madalali wa nchi hii waliwaelekeza weusi huku na weupe kule, na sheria ya makazi ya mwaka 1968, iliyotiwa saini wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, ilikataza mchezo huo. Kwa hiyo sheria inayonilinda ndiyo inayomfunga mdomo. Ikabidi twende kutazama wenyewe.

Tulianza kwa wakwe. Nataka nieleweke: mji ule hauna watu wabaya. Mama mkwe wangu ananipenda, na baba mkwe alijifunza kusema "shikamoo" ingawa humwambia kila mtu, hata mjukuu wake. Lakini mgahawani mhudumu alituuliza kama tunataka bili moja au mbili, mtoto akiwa amekaa katikati yetu na pua ya baba yake. Na kwenye uwanja wa watoto mama mmoja alinisogelea kwa upole kabisa akaniuliza nalipwa kiasi gani kwa saa, maana naye anatafuta yaya mwaminifu.

Usiku nilimsimulia mume wangu. Akasema, "Hakukusudia ubaya."

"Najua," nikamwambia. "Angekusudia ningemjibu, yakaisha. Huyu itabidi nimfariji."

Hakusema kitu. Alikuwa anapiga hesabu, namjua. Nyumba ya bure kwa miaka kumi ni ada ya chuo ya mtoto.

Msije mkadhani nyumbani ni peponi. Tulipokwenda Dar mwaka juzi, aliyekuwa anatazamwa ni yeye. Bei ya nanasi ilipanda akikaribia, watoto wakamfuata na wimbo wa "Mzungu, mzungu", na shangazi zangu wawili walikuwa na miradi ya kuku iliyohitaji mtaji. Hayo tulicheka. Lisilochekesha ni siku tuliyoingia hoteli moja ya ufukweni. Mume wangu alipita getini, mlinzi akampigia saluti. Mimi hatua mbili nyuma nikasimamishwa: "Dada, unakwenda kwa nani?" Nchini kwangu, kwa lugha yangu. Mlinzi yule naye hakukusudia ubaya. Ameona mengi getini pale, akanipanga kwenye fungu analolijua. Sisi tunaotoka pwani hupenda kujisifu kwamba tumechanganyika tangu enzi za majahazi, na ni kweli, lakini kuchanganyika huko hakujawahi kuzuia mtu kuulizwa ukoo gani, na kwa nani.

Ndipo tukafika Columbia. Mji huu ulifunguliwa Juni 1967, mwezi ule ule wa hukumu ya akina Loving. Aliyeujenga, James Rouse, alinunua kimyakimya mashamba ya kaunti ya Howard, kama ekari 14,000, wauzaji wengi wasijue mnunuzi ni nani. Kaunti yenyewe ilikuwa na shule ya sekondari ya weusi peke yao, Harriet Tubman, iliyofungwa mwaka 1965 tu. Rouse akasema hapa nyumba itauzwa kwa yeyote, rangi yoyote. Akaugawa mji katika vijiji, akachanganya nyumba za bei mbalimbali. Akajenga majengo ya ibada ambamo dini kadhaa zinatumia paa moja. Hata masanduku ya barua hayapo mlangoni mwa kila nyumba, yamekusanywa pamoja ili majirani wakutane wakichukua barua. Ni akili ya kisima cha kijijini, ila maji hakuna. Na kwa wapenda vitabu wenzangu: mitaa mingi imepewa majina yaliyochotwa kwenye riwaya na mashairi. Kuna mtaa wa Faulkner Ridge, na kuna uwanja wa gofu unaoitwa Hobbit's Glen. Nilidhani Wilde Lake ni heshima kwa Oscar Wilde, kumbe ni jina la mkubwa wa kampuni ya bima iliyotoa fedha za mradi.

Tulikwenda mara tatu, siku na saa tofauti, tukakaa uwanja wa watoto bila kujitambulisha. Mara ya tatu, msichana mmoja alimuuliza binti yangu, "Mama yako yupi?" Akanyoosha kidole kwangu. Yule akasema, "Wangu yule pale," akaonyesha mama aliyevaa sari, wakarudi kwenye bembea. Sekunde nne. Nilimtazama mume wangu, nikaona naye ameona.

Lakini Columbia si bure, na hapo ndipo roho inaniuma. Mji uliojengwa ili fundi na daktari wapakane umepanda bei kiasi kwamba fundi wengi huja asubuhi na gari la kazi na kuondoka jioni. Baba mkwe wangu, kwa mshahara wake wa miaka yote ile, asingeweza kununua hapa. Tunapata mchanganyiko wa rangi, na mifuko inazidi kufanana. Mume wangu aliliona hilo kabla yangu. Alisema jambo moja tu: "Kwetu kila mtu angemjua mtoto." Nikamjibu kwamba wangemjua, ndiyo, kama yule mtoto wa yule. Tulizozana wiki mbili. Kila mmoja alikuwa anatetea kitu cha kweli.

Mama ndiye aliyetupa kipimo, bila kujua. Aliniuliza kwenye simu, "Huko uendako, ukifikwa na jambo saa nane ya usiku, utagonga mlango wa nani?" Kwa wakwe jibu lilikuwepo: mlango wa wakwe. Dar lilikuwepo. Columbia halikuwepo, na tulihamia tukijua halipo. Nilimwambia mama kwamba mlango wa usiku unaweza kutafutwa, lakini kuelezea kila mchana kwamba mtoto ni wako, hilo halina mwisho.

Tuna vyumba viwili vidogo na kodi inayotufanya tupike maharage zaidi ya tunavyopenda. Januari binti yetu alishikwa na homa kali usiku wa theluji, gari likagoma kuwaka. Niligonga mlango wa mzee wa Kerala anayeishi chini yetu, ambaye nilikuwa nimeonana naye mara tano au sita kwenye masanduku ya barua. Alitoka na funguo mkononi kabla sijamaliza sentensi. Nilimpigia mama kesho yake kumpa taarifa. Akasema, "Haya. Mmoja."

Nyumba ya bibi iliuzwa Aprili. Mume wangu alikwenda peke yake kuwasaidia wazazi wake kutoa vyombo, akarudi na sanduku la spana za babu yake, ameliweka chini ya kitanda. Hajasema kama anajuta, nami sijamuuliza.